Mshono wa Tumbo na Siku Zinazoufuata

Katika lugha yetu neno "tumbo" hubebeshwa mzigo mkubwa. Tumbo ni njaa, tumbo ni uzazi, tumbo ni siri. Na mtu asemapo "tumbo laniuma" asikiaye hawezi kujua kama huyo ana minyoo, ana hofu, au amebakiwa na saa chache za kuishi. Pengine hiyo ndiyo sababu moja inayofanya maradhi ya tumbo yanayotaka kisu yacheleweshwe mno majumbani mwetu. Mguu ukivunjika kila mtu auona. Utumbo ukitoboka hakuna auonaye, na mwenyewe mgonjwa hana maneno ya kuueleza.

Leo twapenda kuzungumza juu ya maradhi hayo, lakini hasa juu ya jambo lisemwalo kwa nadra: yale yampatayo mgonjwa baada ya kupasuliwa. Tumezoea kuulizana, "Je, amepasuliwa?" na tukijibiwa kwamba amepasuliwa salama, twamshukuru Mungu na kurejea katika shughuli zetu, tukidhani habari imekwisha. Kwa daktari na wauguzi, habari ndiyo kwanza inaanza.

Yafaa kwanza tufahamiane juu ya maradhi yenyewe. Njia ya chakula ni bomba moja refu, nalo hudhurika kwa namna chache tu ijapokuwa majina ya maradhi ni mengi: huziba, hutoboka, huvuja damu, huoza kwa kukosa damu, au huota uvimbe. Kidole-tumbo, kile kipande chembamba kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, huziba, kikavimba na kujaa usaha. Ngiri hunaswa katika tundu lake, na utumbo uliobanwa humo hukatikiwa damu. Utumbo mpana wa upande wa kushoto, ambao kwa baadhi ya watu huwa mrefu kupita kiasi, hujisokota kama kamba ya ndoo kisimani. Homa ya matumbo hula ukuta wa utumbo mwembamba karibu na mwisho wake, na katika juma la pili au la tatu la homa ukuta huo huweza kutoboka, yakamwagika ndani ya tumbo yale ambayo hayakupasa kamwe kutoka ndani ya utumbo.

Maradhi haya hayachagui cheo. Mwezi Juni mwaka 1902, siku mbili tu kabla ya kutawazwa kwake, Mfalme Edward wa 7 wa Uingereza alilazwa mezani akapasuliwa jipu lililotokana na kidole-tumbo. Wageni wa mataifa walikuwa wamekwisha kuwasili London na karamu zimekwisha kupikwa. Mfalme alitaka sherehe ziendelee. Mpasuaji wake, Frederick Treves, akashikilia kwamba haiwezekani. Sherehe zikaahirishwa mpaka mwezi Agosti, na mfalme akapona. Twaitaja habari hii kwa sababu moja tu: hata aliyekuwa na madaktari bora wa dola lake alitaka kungoja kidogo kwanza. Basi mkulima wa kijijini aliye na gunia moja la mahindi na nauli ya kukopa, hatuna haki ya kumcheka anapongoja.

Lakini kungoja kuna gharama, na gharama hiyo imepimwa. Nchini Denmark, madaktari walichunguza kumbukumbu za wagonjwa 2,668 waliopasuliwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo vilivyotoboka, wakaona kwamba kila saa moja iliyopita tangu mgonjwa kufika hospitali hadi kuanza kupasuliwa ilipunguza uwezekano wa kuishi kwa asilimia 2.4. Msomaji azingatie: hapo wahesabu saa, tena ndani ya hospitali, katika nchi ya barabara za lami na magari ya wagonjwa. Kwetu sisi hesabu huwa ya siku. Madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 habari za wagonjwa 104 waliotobolewa utumbo na homa ya matumbo. Karibu robo yao walifariki, na waliobaki wengi walikaa wodini kwa majuma kadhaa.

Mgonjwa huchelewa wapi? Mara nyingine ni kivuko, mara nyingine ni fedha, mara nyingine ni kituo kidogo kinachompa dawa ya malaria kwa siku tatu mfululizo. Na mara nyingi ni sisi jamaa zake. Tumbo likifura na choo kikikataa, mtu wa kwanza huleta mafuta ya mbarika, wa pili huleta mizizi ya kuharisha, wa tatu hujaza maji ya dawa katika bomba. Nia zao ni njema kabisa. Lakini utumbo uliojisokota haufunguki kwa kusukumwa kutoka juu, husukumwa ukapasuka. Na uji anaonyweshwa mgonjwa kwa siri ndani ya gari, "asifike na njaa", huweza kumrudia kooni akiwa katika usingizi wa nusukaputi na kuingia mapafuni. Tumbo linalouma bila kupumzika, likawa gumu kama ubao, likifuatana na matapishi, na mgonjwa asiweze kutoa choo wala upepo, hilo si tumbo la kupewa kitu chochote kinywani. Ni la kupelekwa.

Sasa tuingie katika jambo letu lenyewe.

Ninaye jirani, mzee mwenye umri wa miaka 60 na ushei, mchuuzi wa dagaa, mtu wa mzaha na sauti kubwa. Miaka kadhaa iliyopita utumbo wake mpana ulijisokota. Alikaa nyumbani siku tatu, tumbo limejaa upepo kama ngoma. Sote majirani tulikwenda kumjulia hali, na kila mmoja wetu alikuwa na dawa yake mkononi. Nakiri kwamba nami nilikuwamo. Alipofikishwa hospitali, kipande cha utumbo kilichosokotwa kilikuwa kimekwisha kuwa cheusi. Angaliwahi, huenda daktari angalipitisha mpira kwa njia ya haja na kuufungua msokoto bila kisu, kisha akapangiwa siku ya upasuaji wa utulivu wa kukiondoa kile kipande kirefu ili msokoto usirudi. Kwa kuwa alichelewa, hapakuwa na njia ila kukikata kipande kilichooza.

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu kuliko yote katika upasuaji wa utumbo. Ukikata kipande cha katikati, wabakiwa na ncha mbili. Je, uziunge papo hapo? Mshono wa utumbo si kama mshono wa ngozi. Hauonekani ukisha kufunga tumbo. Wapitiwa na kinyesi chenye vijidudu visivyo na idadi. Na ili upone wahitaji damu ya kutosha, chakula mwilini, na tumbo lisilo na usaha. Mzee wetu hakuwa na hata kimoja cha hivyo. Mshono kama huo ukiachia, aghalabu huachia katika juma la kwanza au mwanzoni mwa la pili, wakati jamaa wamekwisha kuchinja kuku wa shukrani. Joto hupanda, moyo hupiga mbio, tumbo hufura upya, naye mgonjwa aliyekuwa akicheka jana leo hatambui watu. Wapasuaji wazoefu husema kwamba hicho ndicho kitu kinachowaamsha usiku. Husema pia kwamba dalili ya kwanza si maumivu, bali ni mgonjwa ambaye "hayuko sawa" bila sababu ya wazi, na kwamba mara nyingi anayeitambua kabla ya mtu mwingine yeyote ni muuguzi wa zamu ya usiku.

Kwa hiyo daktari wa mzee akachagua njia iliyo salama zaidi. Njia hiyo yatokana na mpasuaji wa Kifaransa, Henri Hartmann, aliyeieleza mwaka 1921: ncha ya chini hufungwa na kuachwa ndani, na ncha ya juu hutolewa nje kupitia ukuta wa tumbo, ikawa tundu jekundu kama ua, ambalo kinyesi hupitia humo kwa muda. Mpango ni kwamba baada ya miezi kadhaa, mwili ukisha kupata nguvu, ncha zile zitaungwa na tundu kufungwa. Kwa hakika upasuaji huo uliokoa maisha ya jirani yangu. Lakini alipozinduka na kuona kilicho tumboni mwake, alitamani kwamba usingemwokoa. Maneno hayo aliniambia mwenyewe.

Hakuna aliyekuwa amemwandaa. Tusiwalaumu haraka waliompokea. Usiku ule palikuwa na mpasuaji mmoja na wagonjwa wanne. Hata hivyo, mtu kulala akiwa mzima wa umbo na kuamka akiwa na haja ubavuni, pasipo mtu kumketisha na kumweleza, ni jeraha jingine juu ya lile la kisu. Alirudi nyumbani na mifuko miwili ya kukingia. Ilipokwisha, mkewe alitumia mifuko ya plastiki na vipande vya khanga. Ngozi ya kandokando ya tundu ikachubuka na kuwaka moto. Aliacha kwenda gengeni, akaacha kwenda msikitini, akaacha kulala chumba kimoja na mkewe. Alikuwa akijipaka manukato mpaka nyumba nzima ikanukia kama duka la Mwarabu, naye bado akidhani watu wanasikia harufu nyingine.

Aliyemtoa ndani alikuwa shekhe wa mtaa, aliyemwendea na kumweleza kwamba mwenye udhuru wa namna hiyo hutawadha kwa kila sala, na sala yake ni sala. Baada ya hapo muuguzi mmoja mstaafu akamfundisha mambo ambayo yangepaswa kufundishwa wodini tangu siku ya tatu: kuosha kwa maji safi, kukausha kabla ya kubandika, kukata tundu la mfuko kwa kipimo cha tundu la tumbo bila kuacha ngozi wazi, kumwaga mfuko kabla haujajaa. Ni maarifa ya nusu saa. Kwa kukosa nusu saa hiyo, mzee alikuwa amepoteza miezi mitano ya maisha yake.

Yafaa isemwe kwamba tundu la utumbo mpana lina afadhali, maana kitokacho huwa kizito. Tundu la utumbo mwembamba hutoa maji makali yanayochoma ngozi, na hupokonya mwili maji na chumvi, hata mgonjwa huweza kudhoofika kwa siku chache asipopewa kinywaji cha chumvi na sukari kwa kipimo. Huyo ndiye wa kuangaliwa mara mbili.

Jambo la pili ni usaha wa kidonda. Hili ndilo dhara lililoenea kuliko mengine, na kwa sababu si la ajabu, limezoewa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, uliohusu wagonjwa zaidi ya 12,000 wa upasuaji wa njia ya chakula katika nchi 66, ulionyesha kwamba katika nchi zilizoendelea wagonjwa 9 hivi katika kila 100 walipata maambukizo katika kidonda mnamo siku 30. Katika nchi za hali ya chini walikuwa 23. Kidonda chenye usaha si aibu ya harufu tu. Ni majuma ya kusafishwa, ni dawa za kununua, ni mama asiyerudi shambani wakati wa palizi, na baadaye ni ngiri ya kovu inayochomoza pale nyama zilipokosa kuungana. Tena katika nchi hizo za chini, zaidi ya theluthi moja ya maambukizo yaliyopimwa maabara yalitokana na vijidudu vilivyokwisha kuzoea dawa aliyopewa mgonjwa kabla ya kisu. Hapa sote tunahusika, sisi tunaonunua vidonge viwili viwili dukani kwa kila kikohozi.

Je, dawa yake ni mitambo ya gharama? Habari njema ni kwamba si lazima. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi saba, Rwanda ikiwa mojawapo, likiwahusu wagonjwa zaidi ya 13,000 wa upasuaji wa tumbo. Jambo lililojaribiwa lilikuwa dogo hata mtu angeona haya kulisema: kabla ya kufunga tumbo, wapasuaji wabadilishe glavu na kuchukua vyombo visafi, badala ya kushonea ngozi kwa vile vile vilivyoshika utumbo. Mahali pasipofanyika hivyo, wagonjwa 18.9 katika 100 walipata maambukizo, palipofanyika, 16. Mpishi yeyote wa Kiswahili ajuaye kwamba kisu kilichoparia samaki hakikati tikiti angeweza kulishauri jambo hili, lakini duniani mambo hayaaminiwi mpaka yahesabiwe, na sasa yamehesabiwa.

Na hapa kwetu tunalo la kujivunia. Shirika la Afya Duniani lilipobuni orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, yenye mambo 19 ya kutamkwa kwa sauti kabla ya usingizi, kabla ya kisu na kabla ya mgonjwa kuondolewa, iliyojaribiwa kati ya mwaka 2007 na 2008, hospitali nane za miji minane zilichaguliwa. Pamoja na London, Toronto na Seattle, palikuwapo Ifakara. Jina la mgonjwa lasemwa, mahali pa kupasuliwa patajwa, dawa ya kuzuia usaha yaulizwa kama imekwisha kutolewa, vitambaa vyahesabiwa, na kila aliyemo chumbani ajitaja jina na kazi yake. Kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7. Karatasi moja! Yasikitisha kwamba karatasi hiyo hiyo, katika baadhi ya vyumba vya upasuaji, sasa hujazwa alama zote kwa pamoja baada ya kazi kwisha, kama mahudhurio ya shule siku ya ukaguzi.

Tusisahau pia ni nani ashikaye kisu. Tanzania ilianza mwaka 1963 kuwafundisha madaktari wasaidizi, na kwa miaka mingi hao ndio waliofungua matumbo katika hospitali za wilaya ambako bingwa hajapata kukanyaga. Wamelaumiwa mara nyingi kwa yale waliyoshindwa, na ni mara chache waliposifiwa kwa usiku waliofanya kazi kwa mwanga wa taa ya karabai. Tume ya kimataifa iliyotoa taarifa yake katika jarida la The Lancet mwaka 2015 ilipendekeza kwamba kila mtu awe na uwezo wa kufika, katika muda wa saa mbili, kwenye hospitali inayoweza kufanya mambo matatu: kumzalisha mama kwa upasuaji, kutibu mfupa uliovunjika na kutokeza nje, na kufungua tumbo. Msomaji na apime mwenyewe, kutoka mlangoni pake, wakati wa masika.

Nayo maradhi mengine yaweza kuzuiwa yasifike mezani. Vidonda vya tumbo vyatufundisha hivyo. Zamani mgonjwa wa vidonda sugu alikatwa mishipa ya fahamu ya tumbo au sehemu ya tumbo lenyewe, na wengi waliishi baadaye wakitokwa jasho na mapigo ya moyo kila walapo. Mwaka 1982 huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall wakamgundua kijidudu anayesababisha sehemu kubwa ya vidonda hivyo. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Na leo vidonge vya wiki mbili hufanya kazi ya kisu. Kwa homa ya matumbo iko chanjo, ambayo Malawi iliwapa watoto wake mwaka 2023 na Kenya mwaka 2025. Maji safi na vyoo tumekwisha kuyasema mara nyingi katika ukurasa huu.

Lakini kwa yule ambaye amekwisha kupasuliwa, yapo mambo yasiyongoja bajeti. Mgonjwa aketishwe kitandani na kutembezwa mapema, hata akinung'unika. Jamaa wanaomzuia asiinuke "mshono usifumuke" humletea homa ya mapafu na damu kuganda miguuni. Aagwe kwa maneno, si kwa karatasi tu: joto likipanda, tumbo likifura, kidonda kikitoa maji, arudi siku hiyo hiyo. Aambiwe kwamba aliyewahi kufunguliwa tumbo huweza kuzibwa utumbo hata miaka mingi baadaye, kwa kuwa matumbo hugandamana mahali yalipopona, na kwamba akija hospitali yoyote alionyeshe kovu lake na kueleza lilitokana na nini. Na mifuko ya kukingia choo ihesabiwe katika bohari za dawa pamoja na nyuzi na sindano. Mpasuaji asiye na uzi hakati. Basi kwa nini atoe utumbo nje hali hana mfuko wa kumpa mgonjwa?

Jirani yangu aliambiwa arudi kufungwa tundu baada ya miezi minne. Mara ya kwanza hakukuwa na damu. Mara ya pili mtoa usingizi alikuwa safarini. Mara ya tatu yeye mwenyewe hakuwa na fedha. Alifungwa mwezi wa 14. Tulipeana zamu za kumwangalia, na safari hii hapana aliyekwenda na chupa ya dawa. Siku ya kwanza na ya pili tumbo lilikuwa kimya, na daktari alilisikiliza kila asubuhi bila kusema neno. Usiku wa kuamkia siku ya nne mzee alimwita muuguzi kwa sauti iliyosikika mpaka wodi ya pili, akamwarifu kwamba ametoa upepo, tena kwa njia yake ya asili. Wodi nzima iliangua kicheko. Muuguzi akatazama saa, akaandika katika faili, kisha akaenda kumtafutia chai.